Malta na watoto, siku moja tu: Għadira, Golden Bay au Comino?

Mpemba_Ughaibuni: Wakuu, salaam. Tunakwenda Malta, tutafikia Sliema. Siku moja nimeitenga ya bahari na familia. Twende ufukwe wa Għadira, ufukwe wa Golden Bay au tupande boti ya kisiwa cha Comino, kwenye Blue Lagoon? Nataka kulipia kesho.

MamaPacha: Familia nani na nani? Watoto wa umri gani? Mwezi gani?

Kocho: Għadira, usijisumbue. Mchanga mtupu, unatembea mpaka unachoka na maji bado kiunoni. Kutoka Sliema panda basi 222.

Mzee_wa_Machweo: Golden Bay! Jua linazama mbele yako kabisa. Jirani yake Għajn Tuffieħa ni pazuri zaidi, ila kuna ngazi karibu 200.

MamaPacha: Comino sirudi. Tulikwenda Agosti, tukafika saa tano, pameshajaa. Mti wa kivuli hakuna. Tukatandika kanga juu ya mwamba, kando ya mapipa ya taka, nyuki wanazengea juisi. Kulwa akaingia majini, akapigwa na yavuyavu, zile za zambarau. Paja likatoka michirizi kama kachapwa bakora, akalia mpaka sauti ikakauka. Boti ya kurudi tuliambiwa saa kumi. Ikaja saa kumi na mbili kasoro, na nahodha hata samahani hakutoa.

Kocho: Pole dada. Mngempaka siki.

MamaPacha: Siki haifai kwa hizo za zambarau. Osha kwa maji ya bahari hiyohiyo, si ya bomba.

Binti_Paje: Mimi raha yangu ya Malta ni kwamba maji hayatoroki. Kwetu ukichelewa kidogo, bahari ishahamia kwenye mwamba huko.

Kocho: Na Wamalta bahari wanaiita *baħar*! Sita ni *sitta*.

Mzee_wa_Machweo: Wametuiga.

Binti_Paje: Wametuiga wapi, babu? Wote tumechukua kwa Mwarabu. Ila mbili wanasema *tnejn*, hapo sisi tuna yetu.

Mpemba_Ughaibuni: Nilisahau kusema, mama mkwe yupo, magoti yanamsumbua.

Kocho: Basi ngazi 200 futa.

Mzee_wa_Machweo: Golden Bay hakuna ngazi hizo, nimesema Għajn Tuffieħa. Someni jamani.

MamaPacha: Na Comino tangu 2025 lazima mjiandikishe mtandaoni kwanza. Lakini kaka, watoto wana miaka mingapi?

Binti_Paje: Tatu ni *tlieta*, nne *erbgħa*...