Tupeane uzoefu: kitu kimekwama chooni, ulikitoaje?

Section 58, Nakuru
Wadau, habari za jioni. Mtoto wa dada yangu amejua kuflashi choo, na sasa kila anachokishika anataka kikaoge humo. Juzi ilikuwa zamu ya mswaki wa babu yake. Ukiflashi, maji yanapanda karibu na ukingo, kisha yanashuka polepole. Fundi alikuja akautoa, lakini kabla hajafika kila jirani alikuwa na dawa yake: mwaga maji ya moto, mwaga kostiki soda, piga pampu. Nanyi mlifanyaje? Semeni ni kitu gani kilikwama na choo ni cha aina gani.

Kondele, Kisumu
Kwetu ni kile kidude cha plastiki chenye sabuni, kinachoning'inizwa ukingoni. Mume wangu alikimbilia pampu ya mpira, nikamnyang'anya. Pampu ni ya tishu na uchafu laini. Kitu kigumu ukikisukuma kinatoka kwenye bakuli na kuingia bomba la chini ya sakafu, na huko utakifuata na nyundo.

Tulichota maji kwa kikombe, tukamalizia na sponji mpaka shingo ikaonekana. Nikavaa glavu ndefu, yeye akamulika. Kidude kilikuwa kimesimama wima, ndoano yake imejikita kwenye kona na tishu zimekizonga. Nikivuta kinajibana zaidi. Ilibidi nikilaze kwanza kwa vidole viwili, ndipo kikaja.

Kakamega
Pampasi. Hiyo usiiache ilale humo, inafura kwa maji. Waya wa hanga uliokunjwa ncha ulitosha.

Fundi, Lanet
Nami nifanyaye kazi hii niongeze. Shingo ya choo cha kukalia imepinda makusudi ili ibaki na maji na kuzuia harufu. Vitu vingi vigumu hunasa hapo hapo kwenye kona. Waya wa hanga ni sawa, ila funga kitambaa kwenye ncha. Ukikwaruza kauri, uchafu utakuwa unashika hapo daima. Chombo chenyewe hasa ni springi ya choo, ile yenye mpini wa kuzungusha. Hata isipovuta kitu, inakuonyesha kimekaa wapi.

Ikishindikana nang'oa bakuli. Nafunga koki, naflashi, nakausha tangi na bakuli, nafungua mpira wa maji na skrubu za chini, nakata silikoni. Taabu ni kwamba nyumba nyingi bakuli limekalishwa kwa saruji, na hapo ukiwa na haraka unanunua bakuli jipya. Likitoka nalilaza ubavuni na kukisukuma kitu kutoka nyuma, kirudi kilikoingilia.

Maji yanayochemka yanaweza kupasua kauri. Kostiki soda haiyeyushi mswaki wala plastiki, na anayetia mkono baadaye ni mimi! Kama umemwaga kitu, mwambie fundi akiwa bado mlangoni. Na Jik usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Inatoa gesi ya klorini, na vyoo vyetu vingi vina kidirisha cha kupita paka tu.

Nyalenda, Kisumu
Hayo ni ya wenye vyoo vya kukalia. Sisi wa ploti tuna cha kuchuchumaa, kimezikwa kwenye sakafu, utang'oa nini? Simu ya jirani ilichomoka mfuko wa nyuma alfajiri, watu wako foleni na ndoo. Mwenye ploti akataka sakafu ivunjwe. Mzee mmoja akasema hapana, fungueni manholi kwanza. Tukamwaga maji kidogo chooni: manholi kukavu. Basi iko hapo hapo juu. Tukainasa kwa waya wenye ndoano. Simu ilikufa, laini ikapona.

Section 58, Nakuru
Fundi wa Lanet, bakuli letu fundi alilikalisha upya jana na leo naona unyevu chini.

Fundi, Lanet
Ameshapaka silikoni? Kama bado, asipake. Kausha sakafu, mwaga ndoo nzima kwa mkupuo, kisha pitisha tishu kavu kuzunguka chini. Ikilowa upande wa nyuma, raba ya kiungo haikukaa au ni ile ya zamani imerudishwa. Mwite aje abadilishe, na kwa sasa mtumie choo kingine.