Telstar 1 iliacha kusikia amri: kosa lilikuwa wapi?

mawimbi435
Wakuu, tunaunda setilaiti ndogo ya wanafunzi, redio ya 435 MHz. Mwalimu anataka dikoda mbili za amri (saketi zinazofasiri amri zinazotumwa kutoka ardhini), moja ikifa nyingine ishike. Lakini Telstar 1, setilaiti ya mawasiliano ya Marekani ya 1962, nayo ilikuwa na mbili, na zote zikazima ndani ya miezi mitano. Kwa nini?

fundi_saketi
Kwa sababu zilikuwa pacha: transista zilezile, mionzi ileile. Tarehe 9 Julai 1962 Marekani ililipua bomu la nyuklia la Starfish Prime, kilomita 400 juu ya Pasifiki. Telstar ikarushwa kesho yake, ikawa inapita humo humo kwenye elektroni zilizonaswa na usumaku wa dunia.

Sasa tazama transista yenyewe. Kopo lake lilikuwa na gesi ndani. Mionzi inaitia gesi chaji, volteji iliyopo inazivuta ayoni hadi usoni pa kile kipande cha ndani, mkondo unaanza kuvuja, na saketi haitambui tena mpigo upi ni sifuri na upi ni moja. Agosti dikoda ya kwanza ilisuasua. Mwishoni mwa Novemba zote kimya.

Ukiondoa volteji, ayoni zinaachia. Wahandisi wa Bell, maabara iliyoiunda Telstar, waliiga hitilafu hiyo maabara, wakatunga mipigo ya amri yenye umbo tofauti ili ikwepe sehemu mbovu, na mapema Januari 1963 setilaiti ikarudi kazini. Ikanyamaza kabisa tarehe 21 Februari.

Kwenu: dikoda ya pili iwe ya chipu nyingine kabisa, na ziwashwe kwa zamu. Wekeni saa ya ulinzi nje ya kompyuta kuu: zikipita saa 72 bila amri halali, ikate umeme wa kila kitu kwa sekunde 30, kisha iwashe. Na pasiwe na amri yoyote inayoweza kuzima kipokezi.

mawimbi435
Zikiwa kwa zamu, amri haitapotea wakati wa kubadilishana?

fundi_saketi
Acha zote mbili ziwe hewani dakika moja kabla ya ya kwanza kuzima, na kituo kirudie amri mpaka kipate jibu.

antena_kusini
Msisahau ardhini. Usiku wa kwanza wa picha za Telstar, kituo cha Goonhilly, Uingereza, kilipata picha hafifu sana wakati Wafaransa kwenye kituo chao cha Pleumeur-Bodou waliiona safi. Antena ya Waingereza ilifungwa kupokea wimbi linalozunguka upande usio wake, maana vitabu vilitofautiana: kulia ukilitazama likija, au likienda? Andikeni wimbi linatazamwa kutoka wapi, kisha mpime kwa antena mbili zikitazamana. Na kwa 435 MHz, masafa ya redio yatahama hadi kHz 10 hivi kila upande setilaiti ikipita, kwa sababu ya mwendo wake. Kipokezi kilichobana kuliko hapo kitaikosa, kisipofuata mhamo huo.