Mwaka upi hasa wa kuanzishwa kwa parokia ya kijijini?

Mwanakwaya, Tororo
Tumsifu Yesu Kristo. Tunaandaa kijitabu cha jubilei. Wazee wana mwaka wao, jiwe la msingi lina wake, na rejesta ya ubatizo inaanza baadaye kabisa. Tushike upi? Na majina ya waumini wa mwanzo yako wapi?

Karani wa zamani
Milele, amina. Miaka yote mitatu yaweza kuwa sahihi. Wazee huhesabu tangu katekista alipoanza kufundisha. Jiwe ni la jengo tu, mara nyingi la pili au la tatu baada ya lile la udongo na nyasi. Rejesta yenye namba 1 huanza padre anapohamia. Jubilei ya parokia ifuate hati ya askofu. Hiyo miaka mingine iandikeni, kila mmoja kwa jina lake.

Waliobatizwa mlipokuwa kigango, yaani kanisa dogo chini ya parokia nyingine, wamo katika rejesta ya parokia mama. Tafuteni jina la kijiji chenu, kisha mtazame safu ya wasimamizi wa ubatizo. Msimamizi anayejirudia ukurasa baada ya ukurasa kwa kawaida ni katekista au mkewe. Hao ndio waanzilishi wenu, hata kama hawakuchongwa kwenye jiwe lolote.

Msoma rejesta
Angalieni Kilatini! "7bris" ni Septemba, si Julai. "8bris" Oktoba, "9bris" Novemba, "Xbris" Desemba. "Joannes" na Yohana wa kijijini aweza kuwa mtu mmoja, basi linganisheni jina la baba. "In periculo mortis" maana yake alibatizwa akiwa hatarini kufa, pengine nyumbani na asiye padre.

Nakilini kwa penseli, pigeni picha karibu na dirisha bila flashi. Kurasa zilizochanika msizibandike selotepu: gundi yake hugeuka njano na kula wino.

Mjukuu wa katekista
Niongeze kidogo. Mapadri Weupe, shirika la wamisionari, walitua Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari 1879, lakini huko kwenu mashariki mwa Uganda walikuja wamisionari wa shirika jingine, la Mill Hill la Uingereza. Vikarieti (eneo la kimisioni chini ya askofu) ya Nile ya Juu iliundwa 1894, nao wa Mill Hill wakafika 1895. Mtu akiwatajia padre wa Mill Hill wa 1890, amekosea. Pia msirudishe miaka 4 nyuma kutoka ubatizo wa kwanza ili kupata mwanzo wa mafundisho. Ukatekumeni, yaani mafundisho kabla ya ubatizo, wa miaka 4 ulikuwa kanuni ya Mapadri Weupe.

Mwanakwaya, Tororo
Asanteni. Ukurasa wa kwanza una "9bris", nasi tumeshaandika Septemba. Kijitabu hakijaenda kwa mchapaji bado.