Naomba ushauri: mchezo wa kunyemelea wa kufuata baada ya Thief

Ndugu zangu, habari za majukumu. Nimemaliza Thief: The Dark Project, mchezo wa kompyuta wa mwaka 1998, na tangu hapo michezo ya kufyatua risasi ovyo hainivutii tena. Garrett, yule mwizi ambaye mchezaji humwongoza, hashindi kwa nguvu, maana akizingirwa na walinzi huwa amekwisha. Hushinda kwa kusikiliza. Akikanyaga zulia hasikiki, akikanyaga chuma au vigae nyayo humsaliti, na kito kilichochorwa sehemu ya chini ya skrini humwonyesha mchezaji kadiri mwanga unavyomwangukia. Jioni moja nilijibanza gizani karibu dakika kumi nikihesabu hatua za mlinzi, kisha nikazima mwenge kwa mshale wa maji, nikamfuata taratibu na kuchomoa ufunguo kiunoni mwake bila yeye kugeuka. Raha ile sijaipata katika mchezo mwingine wowote.

Sasa nasita kati ya Dishonored ya mwaka 2012 na Shadow Tactics ya mwaka 2016. Katika Dishonored, je, uwezo wa kuruka ghafla kutoka paa hadi paa hauui subira ninayoipenda? Na Shadow Tactics, inayotazamwa kutoka juu na kumtaka mchezaji aongoze hadi watu watano katika Japani ya zamani, inachezeka bila kuhifadhi mchezo kila baada ya dakika moja? Nimesikia kwamba yenyewe humkumbusha mchezaji kuhifadhi, jambo linalonitia wasiwasi kidogo.

Mliocheza yote miwili, nianze na upi?