Art & Copy: dokumentari kuhusu matangazo, au tangazo la watu wa matangazo?

Mleta mada:
Wakuu, nimeirudia Art & Copy ya Doug Pray, ile ya mwaka 2009. Ilipotoka iligawa watu. Wapo walioisifu kwa picha na masimulizi, wapo waliosema inawapamba magwiji wa matangazo wa Marekani bila kuwabana kwa lolote. Mimi nipo na hao wa pili.

Chukueni habari ya George Lois, gwiji wa matangazo, na Tommy Hilfiger, mbunifu wa mavazi. Mwaka 1985 Hilfiger ni kijana asiyejulikana. Lois anamtundikia bango New York: wabunifu wanne wakubwa wa mavazi ya wanaume Marekani ni hawa, kisha herufi za mwanzo tu na vistari vya kujazia, kama fumbo la gazetini. R na L (Ralph Lauren), P na E (Perry Ellis), C na K (Calvin Klein). Hao kila mtu anawajua. T na H ni nani? Mji ukaanza kuulizana. Ndiyo hivyo, ukiketishwa na watatu wenye jina, nawe unahesabika.

Sasa Pray kafanya yale yale: kawaketisha hawa jamaa wa matangazo pamoja na wasanii, nasi tukameza. Na The One Club, chama chao wenyewe, kina mkono kwenye filamu. Ungetegemea nini?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, nakupinga. Nani alikuahidi uchunguzi? Filamu inaonesha wazo linavyozaliwa, basi. Dan Wieden, mtu wa matangazo ya Nike, anasimulia kwa mdomo wake kwamba kaulimbiu ya "Just Do It" ilitokana na Gary Gilmore, muuaji aliyehukumiwa kifo na kupigwa risasi Utah, Marekani, mwaka 1977, ambaye maneno yake ya mwisho yalikuwa "Let's do it". Yaani anayekuuzia raba anakiri kaokota maneno kwa mtu aliyefungwa kitini mbele ya bunduki! Angekuja mtu na maswali ya kipolisi, hilo ungelisikia? Halafu yule fundi wa kubadilisha mabango anayeoneshwa kwenye filamu umemruka makusudi.

Mchangiaji wa pili:
Fundi mmoja kwa mabosi wangapi? Hal Riney, mtu mwingine wa matangazo, naye yumo, aliyeandika na kusoma kwa sauti yake ile nzito tangazo la kampeni ya urais ya Reagan la 1984, la asubuhi kurejea Marekani. Hapo tumeshatoka kwenye mavazi na raba, tunazungumzia kura. Mtu wa kura ulitakiwa umbane, bwana.

Mleta mada:
Mchangiaji wa kwanza, la Wieden nakupa, limenishinda. Huyo fundi sikumruka makusudi, ila umenikumbusha: ndiye pekee mle ndani ambaye sikuhisi ananiuzia kitu. Wenzake wanaongea wamekaa, yeye yuko juu na vipande vya bango. Mimi ningetazama saa nzima ya yule bwana, aulizwe tu kama amewahi kununua alichokitundika.