Tupeane uzoefu: ninyi mnaofundisha watoto wa mtaani kwenu kusoma hapa Uganda, yamewakuta yapi?

Dada wa Bwaise
Jana maji yametuingilia tena barazani. Vitabu tukavirusha juu ya kabati la jirani, watoto 22 wamesimama kwenye mabenchi wanaimba ba be bi bo bu kama hakuna kitu. Nikasema niwaulize wenzangu. Mwageni.

Shemeji Kireka
Kwetu kwenye machimbo ya mawe mtoto anakuja na vumbi hadi kwenye kope. Kusoma baadaye, kwanza uji.

Mama Tuma, Nakivale
Umenitonesha kidonda. Hapa kambini kwa wakimbizi, shule zilipofunguliwa tena Januari 2022 baada ya korona, herufi walizokuwa nazo watoto Machi 2020 zilishayeyuka, na bado wakapandishwa darasa. Tukaanza Jumamosi chini ya mwembe na sanduku moja la vitabu, linalala kwa mwenzetu mmoja, simtaji. Wiki ya sita nafungua: vitabu vimekonda! Kurasa za katikati hakuna. Nikasema panya. Panya gani anakata kwa wembe? Nikanyamaza. Jumatatu mtoto mmoja, yule tuliyeshamkatia tamaa, akiona "mb" anakwama, akaja mbio na chapati imefungwa kwenye karatasi. "Mama, huyu ni yule mbuzi wetu!" Akasoma: mbu-zi a-me-ku-la mbo-ga. Mafuta yanamchuruzika hadi kiwikoni, anasoma. Nililia, na sijui nililia nini hasa. Vitabu vyetu vilikuwa vinauzwa kwa muuza chapati.

Boda Kisenyi
Subiri. NANI aliuza?

Mama Tuma, Nakivale
Ana watoto wawili kwenye mwembe wangu. Niseme nini?

Boda Kisenyi
Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, angekusaidia kusema.

Mwalimu Mstaafu
Acheni chapati. Kitabu cha Kiswahili huko kwenu wilaya ya Isingiro cha nini? Mtaala ulioanza 2007 unataka P.1 hadi P.3, darasa la kwanza hadi la tatu, wafundishwe kwa lugha ya eneo. Hapo ni Runyankole. Mnawachanganya.

Mama Tuma, Nakivale
Kwa heshima Mwalimu, nina Mkongo, Mrundi na Msomali kwenye mkeka mmoja. Lugha ya eneo ni ya nani?

Dada wa Bwaise
Afadhali nyie. Huku Kampala shule nyingi zinaanza na Kiingereza moja kwa moja. Mtoto anaimba herufi A na tofaa ambalo hajawahi kulionja. Silabi za Luganda zikimkaa, anasoma neno lolote. Kiingereza herufi moja ina sauti tano.

Mwalimu Mstaafu
Hilo sikatai. Lakini ba be bi bo bu nayo ni nyimbo. Mwonyeshe "bo" peke yake, uone.

Shemeji Kireka
Mimi naimbisha na wanasoma.

Mwalimu Mstaafu
Wanakumbuka. Anza na bu urudi nyuma, kisha uje hapa.

Shemeji Kireka
😂 Nimejaribu na mwanangu sasa hivi. Sisemi kitu.

Jirani wa Bombo
Sisi tunatumia makaratasi ya sabuni na magunia ya posho. Hayaibiwi.

Boda Kisenyi
Mpeni muuza chapati sanduku zima, darasa lihamie pale.

Mama Tuma, Nakivale
Unacheka, lakini yule mtoto siku hizi hapokei chapati mpaka achague karatasi.

Boda Kisenyi
Na sanduku liko kwa nani sasa?

Mama Tuma, Nakivale
Kwa yule yule, ndiye mwenye nyumba isiyovuja. Ila kufuli nimenunua mimi.