Miezi 7, homa haishuki kwa seftriaksoni, mkojo umeota enterokokasi

Tabibu_Zamu
Wakuu, habari za kazi. Mtoto wa kiume, miezi 7, kilo 8. Homa 39.2, malaria hasi, anatapika. Yuko kwenye seftriaksoni (antibiotiki ya sindano) 640 mg kwa siku. Dozi ya pili imepita, homa iko palepale. Dipstiki (kijiti cha kupimia mkojo): chembe nyeupe ++, nitraiti (kemikali inayotengenezwa na baadhi ya bakteria) hasi. Mkojo wa mfuko wa kubandika umeota bakteria aitwaye enterokokasi. Niyaamini majibu? Nibadili dawa?

Maabara_Bakteria
Mkojo wa mfuko usipoota kitu, amini. Ukiota, chukua mwingine. Mfuko unagusa ngozi na kinyesi, na enterokokasi makazi yake ni utumbo. Pitisha mpira wa mkojo (katheta) namba 5 au 6, matone ya kwanza yaache yamwagike, yanayofuata kinga kwenye kichupa kilichotakaswa. Ufike maabara ndani ya saa moja, la sivyo weka kwenye friji (si friza). Kwamba ameshaanza dawa kusikuzuie: seftriaksoni haiui enterokokasi, kwa hiyo kama ndiye mhusika ataota tu. Aina moja ya bakteria, 50,000 na zaidi kwa mililita, huyo ni wa kweli. Zikiota aina tatu, ni uchafu.

Nitraiti hasi isikupoteze. Enterokokasi haitengenezi nitraiti, tena mtoto wa umri huo anakojoa mara kwa mara, mkojo haukai kwenye kibofu saa nne zinazohitajika.

Daktari_Watoto
Ukishachukua mkojo huo, usisubiri majibu. Anza ampisilini 50 mg kwa kilo kila saa 6, yaani 400 mg kwenye mshipa. Jentamaisini ni 7.5 mg kwa kilo mara moja kwa siku (60 mg), ila kreatinini (kipimo cha damu cha figo) kwanza.

Dawa ni nusu ya kazi. Homa kupita saa 48, na bakteria asiye E. koli (yule wa kawaida kwenye maambukizi ya mkojo): yote mawili yanadai ultrasaundi sasa hivi, si baada ya kuruhusiwa. Muulize mama mkojo unarukaje. Papasa kibofu baada ya mtoto kukojoa.

Tabibu_Zamu
Mama anasema unadondoka, na mtoto anajikamua. Kibofu nakihisi kigumu hata akishakojoa. Ultrasaundi ni hadi kesho kutwa.

Daktari_Watoto
Basi mchukulie ana vali (utando unaozuia mkojo kutoka) kwenye mrija wa mkojo mpaka ithibitike vinginevyo. Mpira ule ule wa kuchukulia sampuli usiutoe. Uwe mrija laini wa kulishia namba 6, ubandike kwa plasta. Mpira wenye puto huchokoza kibofu kikakaza. Jentamaisini simamisha hadi uone kreatinini. Pima mkojo kila saa: kizuizi kikifunguka figo zinaweza kumwaga maji na chumvi nyingi, mtoto akakauka mikononi mwako. Mpe rufaa leo kwa wapasuaji wa watoto, mrija ukiwa ndani, na kwenye karatasi andika mililita zilizotoka mara ya kwanza.